Jinsi Khemais Alivyouteka Mtini Dume wa Bi Rebah

"Hebu niambie, Jalila, huyu shemeji yako amewahi kushinda nini tangu azaliwe?"

Aliyeuliza ni jirani yangu Bi Rebah, na aliuliza mbele ya wanawake wote wa kijiji, tukiwa tumejipanga mlangoni pa duka tukisubiri semolina, ule unga wa chenga wa kupikia kuskusi, ambao siku hiyo haukuja na kesho yake haukuja pia. Wanawake walicheka mpaka mwenye duka akatoa kichwa nje kutazama. Nilishika tasbihi yangu ndani ya shuka nikaendelea kumtaja Mola, kwa sababu foleni ile ilikuwa ndefu na maneno yalikuwa mengi, na mimi nina roho moja tu ya kuitunza.

Lakini swali lile halikuniacha. Leo nalijibu.

Basi njooni, enyi watu wa matuta ya juu na matuta ya chini! Tueni mitungi yenu mitupu ya gesi, zimeni redio inayotangaza kila asubuhi kwamba mambo yatakuwa mazuri, ketini hapa kwenye kivuli cha ukuta mnisikilize. Nawasimulia habari za Khemais bin Othman, ndugu wa marehemu mume wangu, simba wa bustani ya tini, mwenye mabega mapana na magoti mabovu, mtikisa ardhi ashukapo ngazi, asiyejua kusema uongo hata pale uongo ulipohitajika sana. Namwomba Mola aliyeumba tini bila kokwa anipe ulimi usiotia chumvi, au ikibidi kutia, isizidi kijiko.

Yapasa kwanza mjue maafa yalivyotuingilia. Ulikuwa ule msimu wa baridi ambao gesi ilipotea kana kwamba ardhi imeimeza. Sukari ilikuwa hadithi. Kahawa tuliyokunywa ilikuwa dengu zilizokaangwa zikasagwa pamoja na kumbukumbu ya kahawa. Upepo wa mlimani ukatuzingira usiku na mchana, ukapiga hodi kwenye kila ufa, na kila ufa ukaufungulia. Ndipo Khemais alipotoka na shoka begani, akajipanga mbele ya mtini dume uliosimama pembeni mwa bustani yetu, akauhutubia kwa sauti iliyosikika hadi msikitini:

"Wewe! Marehemu baba alikupanda, marehemu kaka alikulinda, na mpaka leo hujampa mtu hata tunda moja la kutia mdomoni. Wenzako wote wanazaa, wewe umekaa tu kama mkuu wa idara. Leo utafanya kazi!"

Akaupiga, ukalia, akaupiga tena, ukainama, akaupiga mara ya mwisho, ukalala chini kama mfalme aliyepinduliwa. Tukaota moto wake. Nami niliota, sikatai, na ulikuwa moto mzuri. Tena yaliyotokea kwetu yalitokea kwa wengine. Kijiji kizima cha wakulima wa tini, wana na wajukuu wa wakulima wa tini, kilikata mitini dume yake kikajipasha joto, kila mmoja akijiambia moyoni kwamba ule wa jirani utabaki.

Kwa wasiojua, nitasema kwa ufupi. Matunda ya mtini dume hayaliwi, ni makavu kama kizibo. Lakini ndani yake hulala vidudu weusi wenye mbawa, wadogo kuliko punje ya ufuta. Mwanzoni mwa kiangazi tunayachuma alfajiri, tunayatunga kwenye nyasi ngumu kama shanga, tunayaangika kwenye matawi ya mitini mingine. Jua likipata joto vidudu hutoka wamejipaka vumbi la maua, wakaingia kwenye tini changa. Tini iliyoingiwa hubaki juu na kunona. Isiyoingiwa hugeuka manjano, ikaanguka. Ndivyo Mungu alivyopanga, na sisi tuliuchoma mpango wake tukachemshia maji ya kuoga.

Kiangazi kikafika. Tini zetu changa zilikuwa kama vifungo vya koti, kijani, ngumu, zimejaa kila tawi. Asubuhi moja nikaiona ya kwanza chini, ya manjano. Nikaiokota nikaificha mfukoni ili Khemais asiione. Yeye, nikaja kujua, alikuwa na zake mfukoni, ameziokota ili mimi nisizione.

Alikwenda sokoni mjini akanunua tini dume kwa wachuuzi. Alifika nazo adhuhuri. Kila tunda lilikuwa na tundu dogo nyuma, na ndani hamna kitu: nyumba iliyohamwa. Khemais akaziangika hivyo hivyo, kwa matumaini, zikabembea pale kama mapambo ya harusi iliyovunjika.

Na bila tini, enyi wasikilizaji, hatukuwa na kitu kingine cha kuuza isipokuwa bustani yenyewe. Mnunuzi alikwishaanza kupita barabarani na gari lake, polepole, akiangalia kuta zetu kama mtu anayemkagua kondoo wa sikukuu.

Mtini dume mmoja tu ulikuwa umebaki katika kijiji chote, nao ulikuwa ndani ya ua wa Bi Rebah. Wakwe zake walipokuja kuukata wakati wa baridi, alichukua kiti na blanketi akaketi chini yake, akawaambia, "Kateni. Ila mtaanza na mimi." Wakarudi kwao. Sasa alikuwa akiwagawia watu bure, maana kwetu tini dume hainyimwi jirani. Ila sharti ni moja: anayekwenda kuangika ndiye anayekwenda kuomba, kwa miguu yake na kwa mdomo wake. Hatumwi mtu. Haiombwi kwa kuita juu ya ukuta.

Na hapo ndipo palipokuwa na ngome.

Maana miaka mingi nyuma, kwenye harusi ya binti wa Bi Rebah, mbele ya ukoo wa bwana harusi ulioketi kwa heshima zake, Khemais alionja kuskusi ya mama wa bibi harusi, akatafuna, akafikiri, kisha akasema, "Jamani, nifungieni kidogo nipeleke nyumbani. Ukuta wangu wa tuta la juu umebomoka, hii itaushika." Hakukusudia ubaya. Ndivyo alivyo. Huyu ndiye aliyemwambia daktari kwamba mkono wake unanuka vitunguu. Ukoo wa bwana harusi ulicheka hadi machozi, na tangu siku hiyo Bi Rebah hakumpa Khemais hata salamu ya Idi.

Sasa basi, ewe ulimi wangu, jitie nguvu!

Ilikuwa alfajiri, tumeshasali. Khemais akavaa koti la sufu la marehemu mume wangu, ingawa kulikuwa na joto, kwa sababu lina mabega. Akavaa kofia yake nyekundu. Mkononi akashika ngoeko ya mwanzi, ya kuvutia matawi, na kwenye kwapa akapachika kikapu kama ngao. Akasimama mlangoni akanena:

"Jalila, nikichelewa kurudi, usinisubiri kwa chai."

"Chai hatuna, shemeji."

"Basi usinisubiri kwa kitu kingine chochote."

Akaenda. Mimi nikapanda juu ya paa kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka, nikazianika upya. Kutoka pale ua wa Bi Rebah unaonekana wote, na masikio yangu Mola bado hajayachukua.

Mlinzi wa kwanza wa ngome ile alikuwa bata mzinga dume, shingo nyekundu, kifua mbele, mbawa zikikwangua ardhi. Alimwona shujaa langoni akajivimbisha. Shujaa naye akajivimbisha. Wakatazamana. Bata mzinga akatoa tusi refu la kwao, akaruka, akang'ata pindo la koti la marehemu. Khemais akatupa kikapu mbele, akarudi nyuma, akajikwaa kwenye karai, akainuka, akazunguka kisima, bata mzinga nyuma yake, halafu sijui ilikuwaje, bata mzinga mbele na Khemais nyuma yake, wote wawili wakikimbia bila kujua nani amemshinda nani.

"Nani anamsumbua mnyama wangu asubuhi yote hii?" Bi Rebah akatokea mlangoni.

"Ni mimi, Bi Rebah. Khemais."

"Khemais yupi? Yule fundi wa kuta?"

Shujaa akavua kofia. Hotuba alikuwa nayo, nilimsikia akiifanyia mazoezi zizini na punda. "Ewe Bi Rebah binti Salem," akaanza, "jirani uliyejaliwa ua mpana na mti ulionusurika, mimi hapa nimekuja kwako leo, si kwa kutumwa wala kwa kutuma, bali kwa miguu yangu miwili—"

"Miguu yako tunaijua. Sema shida."

Hotuba ikamdondoka yote. "Naomba tini dume," akasema kwa sauti ndogo. "Chache tu. Zangu zinaanguka."

Nikaona Bi Rebah anavyomtazama, kuanzia kofia mpaka viatu, na anavyolitazama lile koti lilivyomlegea kifuani, yeye ambaye zamani hakuna koti lililomtosha.

"Umekula?"

"Alhamdulillahi."

"Sikukuuliza unamshukuru nani. Nimekuuliza umekula?"

Khemais akaizungusha kofia mkononi.

"Kaa hapo," akasema Bi Rebah. Akaingia ndani, akatoka na bakuli kubwa la udongo lililofunikwa sahani. "Kuskusi. Ya jana, imepoa. Semolina nilitumiwa na dada yangu wa mjini, kwa hiyo usiimwage. Utakula yote, halafu utaniambia ikoje. Uniambie kama ulivyowaambia wageni wangu."

"Bi Rebah, jua linatoka. Vidudu wataruka."

"Basi kula upesi."

Ole wetu! Nuru ilikuwa tayari imegusa kilele cha mlima, ikaanza kuteremka tuta baada ya tuta, kama jeshi lisilo na haraka kwa kuwa lina hakika ya ushindi. Likifika kwenye mtini ule, mambo yamekwisha. Na bakuli lilikuwa limejaa. Na mwisho wa bakuli lilikuwapo lile swali, linamngoja mtu asiyejua kusema uongo. Nikainua mikono yangu pale juu ya paa, nguo mbichi zikinichuruzika. Nikasema, Ewe Mola, uongo wa kupatanisha majirani hauuhesabu. Mpe mmoja tu. Mdogo. Aseme ni tamu, aondoke.

Shujaa akakunja mikono ya koti. Akasema bismillahi. Akauzamisha mkono wake katika safu za adui.

Tonge la kwanza lilishuka kama jiwe kisimani. La pili likafuata la kwanza. Mabonge yale niliyaona kutoka paani, Mungu ananiona, yalikuwa mabonge kweli, yanatoka bakulini yameshikana mikono kama askari walioapa kutoachana. Na Khemais akayavunja, akayatawanya, akayateka, akayameza mateka na bendera zao. Hakupumzika. Hakuomba maji. Nikangoja apunguze mwendo, kama mtu anayelazimishwa, lakini badala yake alizidi kuongeza, kichwa kimeinama, bega limelikinga bakuli.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba shemeji yangu hakuwa anapigana vita. Alikuwa anakula.

Nyumbani kwetu kuskusi haikupikwa tangu baridi iishe. Jioni iliyotangulia tulikuwa na mkate wa juzi, mafuta ya zeituni na kitunguu, na Khemais alinisogezea kipande chake akasema ameshiba. Nami nilimwamini, kwa sababu huyu si mtu wa kusema uongo.

Akafuta bakuli kwa kidole. Akainua uso. Nuru ilikuwa imefika kwenye tuta la Bi Rebah.

"Haya," akasema Bi Rebah, mikono kiunoni. "Ikoje?"

Nikafumba macho.

"Imegandana, Bi Rebah," akasema Khemais.

Nikayafumba zaidi.

"Imegandana vile vile kama zamani. Mabonge matupu." Akalitazama bakuli, kisha akamtazama yeye. "Imebaki nyingine?"

Nilipofumbua macho Bi Rebah alikuwa bado amesimama pale pale. Hakucheka. Hakufoka. Alimtazama kama mtu aliyetafuta kitu miaka mingi kwenye sanduku moja, kumbe kilikuwa kwenye sanduku jingine. Halafu akaingia ndani akatoka na sufuria lenyewe, na kijiko, akaviweka mbele yake.

"Kula. Nipe hiyo ngoeko."

"Nitachuma mwenyewe, Bi Rebah."

"Wewe na hayo magoti utanivunjia tawi. Kula, nimesema."

Akachuma yeye. Mwanamke wa umri wangu, mwenye presha, akavuta matawi, akachuma, akatunga tini dume kwenye nyasi kwa vidole vilivyozoea, akizipanga kikapuni na majani mabichi juu yake ili ziendelee kulala. Mara moja tu aliingia na kikapu ndani ya nyumba, akatoka nacho. Khemais alikuwa ameingiza kichwa sufuriani, hakuona. Mimi niliona.

"Haya nenda. Jua liko ukutani. Na ukinipigia mnyama wangu tena nitakuozesha yeye!"

Ndipo Khemais bin Othman alipokimbia! Yeye aliyeshuka ngazi kwa kumtaja Mungu kila daraja, alikimbia; yeye ambaye hata foleni ya sukari humwacha nyuma, alikimbia; kikapu kifuani, kofia mfukoni, koti la marehemu likipepea kama bendera, bata mzinga akimsindikiza mpaka mpakani mwa himaya yake. Akaingia bustanini akaangika kamba ya kwanza, akaangika ya pili, akaruka mti hadi mti, na alipoangika ya mwisho nuru ikaingia kati ya majani. Tukasimama chini, yeye anahema, mimi natoa dua. Kutoka kwenye tundu la tunda moja akatoka mdudu mmoja mweusi, amepakwa unga wa njano mgongoni kama mwokaji. Akajifuta mbawa. Akaitazama dunia na bei zake. Akaruka akaingia kwenye tini yetu.

Wakamfuata wengine.

"Jalila!" Khemais akanguruma. "Umeona? Nimemshinda! Nimemwambia ukweli machoni pake, na bado amenipa! Na kikapu chenyewe kilikuwa kizito. Tini dume zake ni nzito kuliko zetu!"

"Nimeona, shemeji. Lete nikakioshe."

Nikakipeleka jikoni. Chini kabisa, chini ya majani, palikuwa na kitambaa cha samawati kilichofungwa fundo, na ndani yake semolina, ya kututosha mpaka mwezi uishe. Nilikaa nacho mapajani kitambo. Tangu kaburi la mume wangu lifunikwe sijapokea kitu cha mtu, na kijiji kizima kinajua sipokei. Rebah naye alijua. Ndiyo maana alikificha chini ya tini.

Shujaa sikumwambia. Ijumaa nikapika. Akala akasema, "Hii haikugandana."

"Ni ya riziki," nikamjibu, na sikusema uongo.

Basi tini zikabaki juu. Zikanona, zikainama shingo, zikatoa tone la asali chini kama inavyotakiwa. Gari la mnunuzi lilipita mara moja tena, kwa kasi ya kawaida, likaenda kuangalia kuta za watu wengine. Na Khemais akawa msimulizi. Kila mgeni aliyeingia uani kwetu alisimuliwa, na kila aliposimulia bata mzinga aliongezeka urefu, mpaka vijana wakaanza kusema "tangu mwaka ule wa bakuli" kama watu wazima wanavyotaja miaka ya ukame na ya vita.

Siku ya mavuno ya kwanza wanawake walikuwa uani kwangu wakichambua tini, wale wale wa foleni. Bi Rebah akaja kudai chekecheo lake la unga, nililoliazima kwake. Nilikuwa nimeshamtayarishia kikapu, tini bora, zile zilizopasuka ngozi kwa utamu, zimepangwa juu ya majani.

Khemais naye alikuwa amesimama katikati ya ua, mkono juu, amefika pale penyewe: "...na adui ananitazama, na jua linashuka, nami nikasema mbele ya uso wake, imegandana! Akatetemeka! Akaufungua mti wake! Akanipa kikapu ambacho wanaume wawili wasingekibeba!"

Wanawake wakacheka, wakamtazama Bi Rebah kuona atasema nini.

"Bi Rebah," nikasema, "uliniuliza swali siku ile dukani. Sijakujibu."

Bi Rebah akachukua tini moja kikapuni, akaipasua kwa vidole, akala. Akachukua nyingine. Kisha akainua majani ya chini kuangalia kama nimemwekea mbovu, kama afanyavyo kila mtu mwenye akili, na mkono wake ukasimama. Chini ya majani kilikuwapo kitambaa cha samawati, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa.

Akaniangalia. Mimi nikaiangalia tasbihi yangu. Khemais alikuwa bado na mkono juu, kidevu mbele, anangoja. Neno moja tu la Rebah lingetosha kumwangusha. Wanawake wote walikuwa wameshaacha kuchambua.

"Chekecheo langu liko wapi?" akauliza.

Nikampa. Akarudisha majani juu ya kitambaa, akayasawazisha vizuri kwa kiganja, akajitwika kikapu kichwani, akatoka.